Shemeji, Mazishi Yako Yalionekana Mara Moja Tu

Mpendwa shemeji Wafula,

Najua barua si mtindo wako. Ulikuwa ukisema maneno yakizidi mstari mmoja hiyo ni hotuba, na hotuba tumezirekodi za kutosha maishani. Lakini nimekaa hapa studio Kitale tangu asubuhi, mvua inagonga mabati, mteja hakuna, na kompyuta yako imenitazama mpaka nimeona haya. Afadhali nikuandikie wewe kuliko kuzungumza nayo. Watu wa duka la mbegu hapa jirani tayari wananitilia shaka.

Nimechoka, shem. Nalisema mapema ili tusizungukane. Ile jenereta tuliyokuwa tukiibeba wawili sasa naibeba peke yangu, na goti la kushoto linapinga kila hatua. Tulikuwa tumegawana kazi vizuri: mimi kamera na maneno matamu kwa wateja, wewe waya, sauti na kila kitu kilichohitaji akili. Watu walidhani mimi ndiye mwenye kampuni kwa sababu ya tumbo. Hukuwasahihisha hata siku moja. Ulingoja tuingie kwa gari, kisha ukaniita "bosi" kutoka Kitale mpaka Bungoma.

Unakumbuka siku uliyonifundisha siri ya ile prosesa, ubongo wa kompyuta yako? Tulikuwa kwako Tongaren wakati wa palizi. Nilikuwa nimeegemea jembe, kama kawaida yangu, nikakuuliza inawezekanaje harusi nzima, na kwaya yake na mahema yake, ipite kwenye mtandao mwembamba namna ile na mtu aione Nairobi papo hapo.

"Bosi, ule mlima unauona?" ukaniuliza, ukionyesha Elgon kwa kidevu.

"Nauona."

"Na jana huo mlima ulikuwa pale?"

"Ulikuwa."

"Sasa kwa nini nikutumie tena leo? Picha ya kwanza nakutumia yote. Zile zinafuata nakutumia tu ile ng'ombe inapita mbele ya mlima. Mlima si utakaa nao wewe mwenyewe?"

Halafu ukaniambia juu ya vibarua. Ndani ya prosesa yetu mna viini vinane, lakini wewe hukuwahi kuviita viini. Picha ni shamba, ukasema, na kila kibarua anapewa mistari yake. Anaangalia kilichosogea kwenye mistari hiyo, anakikunja kiwe kidogo. Wote wakimaliza ndipo gunia linafungwa na kutumwa, na shamba lingine tayari linangoja, mara nyingi ndani ya sekunde moja. "Lakini mmoja akipata mistari iko na magugu mingi," ukasema, "wale saba wanamaliza wanasimama na jembe kama wewe hapo."

Nikauliza na yule anayepokea je. Ukasema huyo kazi yake ni kukunjua, na lazima awe na vibarua wake kwenye simu wanaojua gunia lilifungwaje, la sivyo atakaa nalo limefungwa. Nikauliza kama hao watu wanapewa chai. Ukasema hapana, wanakula stima, umeme wa jenereta, na wakifanya kazi sana wanapata joto, ndiyo maana feni inalia. Kisha ukanirudishia jembe mkononi. Wanjiru dada yangu alikuwa akitusikia kutoka jikoni, akasema hajawahi kuona wanaume wawili wakipalilia mstari mmoja kwa muda mrefu hivyo.

Na ile harusi ya Kanduyi? Mimi ndiye niliyewaambia wasichana wa bwana harusi wamwage vikaratasi vya kung'aa wakati maharusi wanaingia, nikijua nitapata picha ya kupendeza. Wakamwaga kwa ndoo. Kila kipande cha picha kikawa kinasogea, kila kibarua akapata magugu, na shangazi ya bibi harusi akakupigia simu kutoka Nairobi.

"Mbona bibi harusi amekuwa vigae?"

"Ni baraka, mama," ukamjibu bila kutabasamu. "Zimezidi mtandao."

Ukanigeukia. "Bosi, ukitaka kitu ing'are, uniambie mapema nikatafute kazi ingine."

Nilicheka siku ile. Nacheka hata sasa, ila kicheko chenyewe kinakuja polepole, kama mzee anayeinuka kitini.

Halafu ukaugua, ukaenda haraka kuliko tulivyokubaliana. Wazee walipopanga siku ya kukuzika, Nekesa akanipigia kutoka Uarabuni. Unamjua binti yako, halii kwenye simu. Mwajiri wake amekataa kumwachilia asafiri, akasema, lakini atampa saa moja wakati wa chakula cha mchana.

Nikamwambia asijali, nitamrekodia kila kitu, atatazama akiwa ametulia.

"Mjomba, sitaki kuletewa," akasema. "Nataka niwe hapo akishuka."

Basi nikajua kazi niliyo nayo. Saa moja ya mtoto, mtandao wa Tongaren, na kompyuta yako ambayo mimi nilizoea kuiwasha tu.

Shem, mkwe huketi hemani. Unajua. Watu wetu walitoka Kitale wamevaa suti, wakaketishwa kwa heshima kwenye hema la wakwe, wakaletewa soda. Mimi kaka ya mjane nilikuwa chini ya meza, nimeshika waya kwa meno. Nikamsikia mama mmoja wa kwenu akimuuliza mwenzake, "Huyu si mkwe? Ati anatambaa?" Mwenzake akasema, "Wacha tu, wa Kitale huomboleza hivyo."

Nilianza kwa kujifanya mjanja. Nilikuwa nimesoma juu ya njia mpya ya kukunja, inayofanya picha kuwa ndogo zaidi, nikaiweka. Nekesa akaandika: "Mjomba, nasikia wimbo lakini ni giza." Simu yake ya zamani haikujua kulikunjua lile gunia. Hapo nilisikia sauti yako ikisema "bosi", na si kwa upendo. Nikarudi kwenye njia yetu ya zamani. Ikafunguka. Akaona hema, akaona watu, akaandika, "Mama yuko wapi?" Nikamsogezea kamera.

Ile njia ya zamani ina shida yake, si unajua. Ukitaka picha ipite pembamba lazima vibarua wakunje kwa nguvu zaidi. Na wakati huohuo walikuwa wanafanya kazi ya pili: kurekodi mazishi kwenye diski, safi kabisa, ya kuwekwa na ukoo. Simiyu ndugu yako aliniagiza hivyo mbele ya wazee. Kamera yetu nayo mlango wa kadi ulikufa zamani, haiwezi kurekodi yenyewe, tukasema tutatengeneza, tukasema na tukasema. Kila kitu kilipitia kwenye kompyuta yako.

Hotuba zikawa ndefu. Watu walikusifu kwa mambo ambayo ungeyakana. Saa ya Nekesa ikawa inaliwa na mheshimiwa mmoja aliyekuja kutuambia kuhusu barabara. Tulipoanza kuelekea kaburini, watu wote wakasimama pamoja, kwaya ikaanza kuyumba, majani ya migomba yanapepea nyuma yao, kila kitu kinasogea. Feni ikapanda sauti. Kwenye skrini nikaona ile mistari minane ya kijani, mmoja kwa kila kibarua, imejaa mpaka juu, vibarua wote wamelowa jasho, na magunia yanaanza kurundikana.

Nekesa akaandika: "Mjomba, mmesimama."

Hatukuwa tumesimama. Wanaume walikuwa tayari wameshika kamba.

Wewe ungejua la kufanya kwa njia tatu. Mimi nilijua moja. Niliweka kidole kwenye kitufe cha kuzima rekodi, nikamtazama Simiyu aliyekuwa ukingoni mwa kaburi, nikafikiri juu ya wazee, na wajukuu wako ambao hawajazaliwa. Kisha nikabonyeza. Vibarua wote wanane wakarudi kwenye shamba moja. Feni ikashusha pumzi. Picha ikatikisika, ikatembea.

"Naona," akaandika.

Hakuandika kingine mpaka mwisho. Mchungaji aliposema tuombe, nilikuwa nakumbuka kwamba Nekesa anainamisha kichwa sekunde chache baada yetu, maana hivyo ndivyo gunia linavyosafiri. Nilikaa nikitazama mistari ya kijani isijae tena. Mchanga ukarushwa. Saa yake ikaisha.

Baada ya chakula Simiyu akaja, mkono mmoja mfukoni. "Shem, ile video utaleta lini? Wazee wanaulizia."

Nikamwambia rekodi inaishia kabla hujashuka. Hakupaza sauti, afadhali angepaza. "Kwa hivyo ukoo mzima umekosa," akasema, "ndio mtu mmoja aone."

"Ndiyo."

Akatikisa kichwa, akaenda. Simu ya Nekesa haikuweza kuhifadhi, kwa hivyo tukaulizana nani alirekodi kwa yake. Wengi walikuwa wamerekodi, ukiita hiyo kurekodi: viatu, migongo, na kofia ya mheshimiwa. Hakuna hata mmoja aliyekupata wewe ukishuka.

La Simiyu ningelibeba. Lililonishinda ni la Wanjiru. Kumbe dada yangu hakuona chochote siku ile. Wanawake walikuwa wamemshika huku na huku, macho yamejaa, na alijiambia asijilazimishe, kaka yake anarekodi, ataona baadaye akiwa na nguvu. Alinieleza hivyo mwenyewe, akinimiminia chai. Nilipomwambia hakuna video ya kaburini, aliendelea kumimina mpaka kikombe kikafurika kwenye sahani. "Haya," akasema. Akafuta meza. Hakunilaumu, na mpaka leo sijui kama ningetaka anilaumu.

Tangu siku hiyo kazi imekuwa nzito mikononi mwangu. Nikiitwa kwenye mazishi naweka kamera, nawasha mashini, na moyo wangu unabaki kwenye gari. Vijana wa Bungoma wamekuja mara mbili kuulizia kompyuta yako. Wana haraka na maneno mengi. "Niaje mzee, hii si ni ya kitambo? Tuachie tu, bana." Nimewaambia nitafikiri. Ukweli ni kwamba mimi si fundi, shem. Mimi ni tumbo lililokuwa likitembea mbele ya fundi.

Lakini nataka nikueleze la juzi, ndiyo sababu ya barua hii.

Nilienda Tongaren kumpelekea Wanjiru mbegu. Nikamkuta amekaa nje ya jiko anapukuchua mahindi, simu ameiweka kwenye ungo, sauti imefunguliwa. Alikuwa Nekesa. Nilidhani wanasalimiana tu, nikasimama ili nisiwakatize.

"Wakamshusha upande wa miguu kwanza," Nekesa alikuwa akisema. "Baba mdogo Simiyu akasema polepole, polepole. Kamba ya kushoto ikawa imekaza, wakangojana. Halafu akaenda sawa, mama. Sawa kabisa, hakugonga."

"Na mimi?" Wanjiru akauliza.

"Wewe ulikuwa umesimama karibu na ule mgomba. Kitambaa chako kikaanguka. Mwanamke mwenye sweta ya kijani, uso sikuuona vizuri, akakiokota, akakifunga tena, ukamshika mkono."

"Nilimshika?"

"Ulimshika. Hukumwachilia mpaka mwisho."

Wanjiru akaacha kupukuchua. "Huyo ni mke wa Simiyu," akasema. "Sijamshukuru." Kisha akaniona, akanionyesha kiti kwa kichwa. Nikajua wameshafanya hivi siku nyingine, kwa maana alimwambia Nekesa, "Rudi pale wakitoka hemani. Polepole."

Mimi pia sikuona, shem. Hilo sijamwambia mtu. Kamera ilikuwa yangu, lakini macho yangu yalikuwa kwenye mistari minane ya kijani. Kwa hivyo nikavuta kiti karibu na ungo, mimi na dada yangu tuliokuwa pale kaburini, tukamsikiliza mtoto aliye Uarabuni akitueleza jinsi ulivyozikwa.

Pumzika. Sisi bado tunasogea kidogo kidogo.

Shemeji yako,
kaka ya Wanjiru