Meza Isiyo na Mkubwa

Ghuba, Jumanne, siku yangu ya mapumziko

Mama yangu mpendwa,

Mwangaluka mayu, na shikamoo juu yake. Naandika nikiwa nimeketi kitandani, lakini salamu hii ihesabu kwamba nimeipigia magoti kama kawaida. Goti lako la kushoto linaendeleaje? Ulirudi kwa daktari, au bado unasema utakwenda ukimaliza kupalilia? Na yule mbuzi mweupe keshazaa? Mimi ni mzima. Nimepungua kidogo, lakini si kwa ugonjwa, ni kwa kusimama.

Najua utashangaa kupata karatasi wakati simu ipo. Tatizo ni kwamba simu yako anaishika mwanangu Kabula. Kila ninachokuandikia anakisoma yeye kwanza, na ujumbe wa sauti anausikiliza kabla yako kwa kisingizio cha kukufungulia. Haya ninayoandika leo yanamhusu yeye. Barua anakuletea Mama Shija, mwanamke wa Ushirombo ambaye tunakaa chumba kimoja, anakuja likizo. Atapitia Kolandoto akukabidhi mkononi. Mpe michembe, vile viazi vyetu vya kukausha, afunge kwenye mzigo wake, ana miaka miwili hajaitia mdomoni. Ukishasoma, iweke barua ndani ya Biblia. Humo Kabula hafungui.

Wiki tatu zilizopita ulinipigia ukiwa shambani ili mtoto asisikie. Ukaniambia kwamba tangu Pasaka hataki kula na wewe. Anachukua sahani yake anakwenda nyuma ya jiko na wenzake wawili, au wanashuka mjini Kambarage kula chipsi, na ulipomuuliza alikujibu kwamba yeye si mtoto tena wa kushika bakuli. Ukaudhika, ukaacha kumwekea fungu lake la nyama. Halafu kaka Masanja naye akasikia huko Geita, akasema mwacheni aje kwangu, huku machimboni watoto wa umri wake wanajilia wenyewe vibandani na hakuna anayewauliza. Ukaniachia mimi nikate shauri. Nikasema nitafikiri.

Nimefikiri. Lakini kwanza nikueleze kazi yangu, maana sijawahi kukueleza vizuri, na nasikia kina mama wa jumuiya umewaambia niko hoteli kubwa. Si hoteli. Ni mgahawa ulio ndani ya bustani ya michezo. Kuna treni za kupindua watu miguu juu, kuna maji ya kuteleza, kuna vikaragosi wanaotembea na vichwa vikubwa vya sponji, na ndani ya vichwa hivyo wamo vijana wa Uganda wanaotoka jasho. Watu wanatoka mbali kuja kuogopeshwa, kisha wanasikia njaa, ndipo wanakuja kwangu. Mimi nasimama mlangoni na orodha ya meza. Nauliza mko wangapi, na mkubwa wenu ni nani.

Hilo la mkubwa ni sheria ya pale. Mtoto aliye chini ya miaka kumi na minne haketi mezani bila mtu mzima. Kuanzia kumi na minne wanaweza kukaa wenyewe, wakaagiza wenyewe, wakala wenyewe. Kwenye treni wanapima watoto urefu kwa fimbo iliyochorwa, lakini kwangu hakuna fimbo. Nauliza kwa mdomo, na wao wanajibu kwa mdomo, wote pamoja kama kwaya: kumi na nne! Wako waliotoka kung'oka meno juzi.

Wazazi wengi huwaacha langoni asubuhi wakaenda zao madukani. Kwa hiyo siku nzima nawatazama watoto wakila bila mkubwa, na nimewazoea kama ulivyowazoea kuku wako. Wanaanza na aiskrimu, chipsi zinafuata, na maji hawataki kuyasikia. Wanapiga picha chakula mpaka kinapoa. Kuna mvulana mmoja aliniita kwa kidole, akakunja uso, akasema chumvi imezidi, nikajua kabisa baba yake hukunja uso vipi. Ni watiifu kuliko unavyodhani. Wakiwa na wazazi wanapiga kelele, wakiwa peke yao wanaogopa kuvunja glasi. Na wengine wakimaliza wanapanga sahani moja juu ya nyingine, hao nawapenda.

Sasa, Ijumaa iliyopita mchana walikuja watano. Wanne wakubwa, wa miaka kumi na mitano, kumi na sita hivi, na kasichana kamoja kenye waya za meno, mdogo wake mmojawapo. Nikauliza miaka. Wakubwa wakataja yao. Kale kadogo kakasema kumi na nne, kakitazama viatu. Nilijua ni uongo, mama. Kabula naye akidanganya hutazama viatu, tangu ana miaka minne. Lakini nikiwarudisha, najua kitakachotokea: wanne watakula, yule mdogo ataachwa benchi la nje kulinda mikoba. Nikaandika kumi na nne, nikawapa meza.

Wakaagiza sinia moja la kuku wa kuchoma. Wanne wakalivamia. Sinia lile lina kitako chembamba, likawa linateleza kila wanapovuta, na yule mdogo akanyoosha mkono wa kushoto akalishika ukingo lisiondoke. Hakuna aliyemwambia. Alilishika tu, na mkono wa kulia akawa anaokota chipsi. Mapaja yakaisha mbele yake, yakafuata mabawa, yeye ameshika sinia.

Nilikuwa napita na menyu mkononi. Sijui nikuambie nini zaidi ya ukweli. Niliziweka menyu chini, nikasema kwa Kiswahili, tena kwa sauti yako wewe, "Hebu kwanza! Mikono juu!" Nikachukua nyama kutoka kwenye sinia, na zile walizokwisha kujiwekea pembeni nikazirudisha, nikagawa mafungu matano. Kwa mkono, mama. Nikaanza na mdogo kama unavyoanza wewe, nikampa paja, nikapanda juu mpaka kwa mkubwa wao, aliyepata kipande cha mgongo. Wakanitazama kama nimeshuka na mvua. Hawakuelewa neno hata moja, lakini mikono waliinua. Yule mdogo ndiye pekee aliyeelewa, maana alianza kula palepale.

Nyumbani hili si jambo. Mmekula ugali kwa mchuzi, mdogo kashika bakuli lisiteleze, mwisho mkubwa anagawa nyama na kila mtu anaridhika na fungu lake. Huku, kugusa chakula cha mgeni kwa vidole ni kosa la kufukuzwa kazi.

Msimamizi wa zamu ni Chebet, Mkenya wa Nakuru, mwanamke mzuri lakini hana utani. Alinivuta hadi jikoni.

"Minza, ni nini hii umefanya?"

"Nimegawa nyama."

"Umegawa nyama ya wageni na mkono?"

"Nilikuwa nimenawa."

"Hiyo si swali nimeuliza."

"Yule mdogo alikuwa hapati."

Kumbe yeye kwao ni mtoto wa saba. "Hata sisi tulikuwa tunagawiwa," akasema polepole. "Lakini ukirudia, utanipeleka nyumbani na mimi."

Lile sinia likamwagwa lote, pamoja na paja ambalo yule mtoto alikuwa amelimega mara mbili. Likaletwa jipya, la kuwaomba radhi. Na mambo yakawa yale yale: wanne wakalivamia, mdogo akashika ukingo. Safari hii nilibaki mlangoni kwangu na orodha yangu.

Walipokuwa wanamaliza, simu ya yule mdogo ikaita. Alikuwa mama yake, uso wake umejaa kwenye kioo. Sikuhitaji kujua lugha yao kuelewa alichouliza, maana mama wote duniani huuliza hilo hilo. Mtoto akaigeuza simu, akamwonyesha sinia lililojaa mifupa. Kisha akajibu, ameinamia viatu. Mama yake akafurahi, akakata. Yeye aliona mifupa, mimi niliona viatu.

Nililia, mama. Nilikwenda chooni nikalia, nikanawa uso, nikarudi mlangoni kupokea familia ya watu tisa. Unajua mimi si mtu wa kulia ovyo, hata uwanja wa ndege sikulia, wewe ndiye uliyelia na Kabula akakubembeleza. Lakini kila Jumapili namuuliza mwanangu, umekula? Naye anageuza simu ananionyesha sahani. Nimekula na bibi, anasema, hata mboga zimebaki. Tangu Pasaka ananiambia hivyo, na mimi nafurahi, nakata. Kwenye simu viatu havionekani.

Siku ya pili nikaitwa ofisini. Nimepewa barua ya onyo, nikatia sahihi. Mezani palikuwa na karatasi nyingine, ya mkataba mpya, maana wangu unaisha mwezi ujao. Miaka miwili. Wakaniambia kwamba pamoja na kosa lile bado wananitaka, wageni wananipenda, nichukue wiki moja nifikiri. Nikaichukua karatasi nikaja nayo chumbani, ipo hapa chini ya hii ninayoandikia, ndiyo maana mwandiko umenyooka.

Kabula ana miaka kumi na mitatu. Nikitia sahihi, nitarudi ana kumi na mitano. Atakuwa keshapita mlango wangu. Hata kwa sheria ya hawa watu wa treni za kupinduka, ambao hawamjui wala hawana habari naye, atakuwa mtu wa kula peke yake bila kuulizwa. Kwa sheria hiyo hiyo, leo bado anatakiwa awe na mkubwa mezani. Umebaki mwaka mmoja, haujafika hata.

Sitatia sahihi. Usishtuke, na usianze kuwaita kina mama wa jumuiya waniombee, sijarogwa. Nilikuja kwa ajili ya paa na ada ya shule. Paa lipo juu yako, ada nitaitafuta hapohapo. Nilipokuwa napika kwa watu Kambarage hatukufa njaa.

Kuhusu Geita, jibu langu ni hapana. Mwambie Masanja asikasirike, najua anampenda mpwa wake na si kwamba nadharau machimbo. Lakini yeye anaingia duarani, ndani ya shimo la dhahabu, asubuhi na kutoka jua limezama, na mtoto atakuwa kibandani katikati ya wachimbaji, anakula vizuri na hakuna anayemwona anakula. Huko kujitegemea anakokusifia nimekutazama siku nzima kwa miaka mitatu. Kunapendeza ukikuangalia kwa mbali.

Sasa nataka kukuambia neno moja, nawe univumilie maana mimi ni mwanao. Kabula hajakosea kila kitu. Kwetu sisi tulikuwa watoto wanne, nilishika bakuli mpaka akaja mwingine wa kunipokea. Yeye yuko peke yake na wewe. Ataendelea kuwa mdogo mpaka lini? Angekuwa na mdogo wake angekwishaachia bakuli zamani. Kwa hiyo nakuomba, kwanza mrudishie fungu lake. Asipokuja, liwekwe vilevile, alikute limefunikwa. Pili, mwambie kuanzia sasa yeye ndiye atakayegawa nyama, na bakuli ushike wewe. Usicheke. Na kama unavyojua, anayegawa huchukua la mwisho, kwa hiyo hatakuwa na nafasi ya kukimbilia nyuma ya jiko.

Nisalimie kaka Masanja, nimemnunulia zile glavu alizoniomba. Msalimie shangazi wa Songwa, umwambie ile picha niliyosimama na kikaragosi wa sungura si mchumba. Mwalimu wa kwaya naye mpe salamu, na yule jirani mwenye redio. Mbuzi mweupe akishazaa, jike ni la Kabula.

Nimerudi kusoma mwanzo wa barua hii, hapo niliposema uifiche ndani ya Biblia. Nimeghairi. Nimekuwa nikimlalamikia mtoto kwamba ananificha, na mimi namficha. Ukishaisoma, mpe aisome mwenyewe, akusomee kwa sauti, na asiruke pa viatu.

Kabula mwanangu, najua umefika hapa na umenuna. Mwezi ujao niko nyumbani. Sitakuuliza umekula, nitakuwa nimeketi palepale nakuona. Nyama utagawa wewe. Bakuli nitashika mimi.

Mwanao, na mama yake Kabula,
Minza