Usimpake Tena Naliaka

Kitale,
Jumatano asubuhi

Mama mpendwa,

Ngozi ya uso wangu iliharibika mwezi wa pili, na nimekuficha mpaka leo. Nakwambia hata kabla ya salamu kwa sababu jambo lenyewe limefika huko nyumbani. Wewe na Baba hamjambo? Mguu wako umepoa? Lakini Naliaka wa dada yangu Nekesa ndiye namuulizia zaidi.

Barua yako niliipata jana. Umeandika ati mjukuu wako anang'aa, anazidi kuwa mweupe kama mimi, na unampaka mafuta yangu asubuhi na jioni. Mama, nilikaa chini hapo hapo kando ya jiko.

Unakumbuka Krismasi mlivyonisifu? "Kitale imekukubali!" Si Kitale. Ni krimu ya kujichubua niliyonunua soko la Kachibora. Nilijua Baba, na uzee wake wa kanisa, akiona zile tyubu atanihubiria mpaka Pasaka. Kwa hivyo nilizikamua zote tatu ndani ya mkebe wangu wa mafuta ya kukamulia ng'ombe, si ndiyo sote tunajipaka, nikakoroga na kijiko. Siku ya kuondoka ukaushika: "Huu uache bana, unanukia. Wetu unanuka zizi." Baba alikuwa amesimama mlangoni. Nikakuachia.

Sasa ngozi imekuwa nyembamba, mishipa inaonekana, mashavu yanawaka nikikaribia moto. Na kazi yangu ni chapati. Nilianza na kikaango kimoja, leo niko na majiko matatu, na hata moja siwezi kusimama mbele yake. Wateja wananiuliza, "Auntie, leo imeungua chapati ama ni wewe?" Nacheka nao.

Daktari wa kliniki amesema dawa hiyo huingia mwilini kupitia ngozi, na ya mtoto ni laini zaidi. Nimepiga hesabu. Wiki kumi na moja, mara mbili kwa siku: amepakwa mara mia moja hamsini na nne. Mtoto wa miezi minane!

Na nina uchungu na wewe, Mama. Ni wewe ulisema miaka yote, "Nekesa ni mweupe, ataolewa. Wewe mweusi wangu shika biashara." Nilishika biashara, na hilo neno pia nikalishika. Lakini kwa mkebe sikulaumu. Ulimpaka kwa mapenzi. Kosa ni langu.

Acha leo. Hata chuchu za ng'ombe usipake. Mkebe usiutupe, Nekesa aubebe, ampeleke mtoto hospitali Bungoma wauone. Baba mwambie ukweli, mahubiri nitayabeba.

Simu ya mwalimu, jirani yenu, nimepiga mara nne haishiki, ndiyo nimempa barua hii dereva wa lori la mahindi. Anapita huko kwenu Kibabii kesho.

Msalimie Kukhu, nyanya yangu aliyenipa jina lake na rangi yake. Nekesa mwambie dada yake anamwomba msamaha.

Jumamosi saa sita mchana azimeni simu yoyote mnipigie, nitakuwa nimeshika yangu. Usiniambie "tuko salama kwa neema." Niambie mmeacha ama hamjaacha, na daktari amesema nini juu ya Naliaka. Saa sita ikipita kimya, nazima majiko yote matatu nakuja, na uso huu huu Baba auone.

Binti yako,
Nafula