Ndengu Ndani ya Kiondo

Kalamba, Jumatano, mwisho wa Machi 1991

Mawingu yamekaa juu ya mlima wa Nzaui tangu asubuhi na hayajatoa hata tone. Joto limeshika duka hadi mafuta ya kupikia yameyeyuka ndani ya mikebe. Nimefunga mapema. Nimewaambia watu kichwa kinaniuma, na huo ni uongo wangu wa pili leo.

Ule wa kwanza ndio umenikalisha hapa kuandika.

Nianze na viondo, maana ndivyo vilivyoleta haya yote. Mwezi wa kwanza mama mmoja wa Kitui, Bi Zuhura, aliniandikia akitaka viondo, vile vikapu vyetu vya kusuka kwa katani. Tulikuwa tumekutana mara moja tu, kwenye maonyesho ya kilimo. Ni mama mtu mzima, asili yake pwani, aliolewa Kitui zamani na ana duka karibu na msikiti. Alikuwa na mteja Mombasa anayepeleka viondo Ulaya. Nikawakusanya wasusi wa kanisa letu, wakasuka, nikajaza magunia mawili na kuyapakia kwenye basi. Cheki ikaja kwa posta. Sikuwa nimewahi kushika cheki yenye jina langu. Nilimwonyesha mume wangu, nikamwonyesha pasta, nusura niwaonyeshe mbuzi.

Sikungoja benki. Niliwalipa kina mama siku hiyohiyo kwa bidhaa za duka: sukari, unga, sabuni, mafuta. Rafu zikabaki na chumvi, viberiti, maharagwe kidogo na mikebe michache ya mafuta. Halafu karani wa benki kule mjini Wote akanirudishia ile karatasi. Aliyeiandika ameizuia, akasema, malizaneni wenyewe.

Nilijua papo hapo. Nimetapeliwa.

Hivyo ndivyo nilivyo. Hasira yangu hutangulia, mimi huja nyuma nikihema. Bi Zuhura alipiga simu pale posta, ile simu ya kuzungusha mkono, na mama wa posta akatuma mtu aniite. Nikasema ajibiwe sipo. Wiki iliyofuata akapiga tena, na tena sikuwepo, ingawa nilikuwa nimeketi hapahapa nikipima maharagwe. Nilidhani anataka kunilainisha na maneno matamu.

Kisha ukaja mkutano wa kina mama wa kanisa kule Wote, ambao hata wa Kitui walihudhuria. Niliposimama kutoa ushuhuda, badala ya habari za wokovu nilitoa habari za Bi Zuhura. Nilimtaja kwa jina. Nilisema watu wa pwani ndivyo walivyo, wanakuchekea huku mkono wao uko mfukoni mwako. Kina mama walitikisa vichwa, wakanionea huruma, wakanishika mabega. Nilijisikia vizuri sana siku ile.

Naona aibu hata kuyaandika.

Leo mchana basi la kutoka Wote lilisimama, na aliyeshuka ni Bi Zuhura mwenyewe, buibui lake limejaa vumbi jekundu, kondakta nyuma yake akiteremsha magunia yangu mawili. Niliyatambua kwa mshono wangu. Kalekye, ambaye ndiye mkubwa wa wasusi wetu, alikuwa dukani akinunua chumvi. Alitoka bila kungoja chenji.

Nilimpa mgeni kiti. Nikamwekea chai, maana hata mtu unayemwita mwizi akifika kwako unampa chai. Hakuigusa. Nikasema moyoni, kumbe ana kiburi pia.

"Mama Mwende," akasema, "nilikupigia simu mara mbili."

Nikamwambia nilisikia.

Hakupandisha sauti. Alifungua gunia moja, akatoa kiondo, akakiinamisha juu ya kaunta. Zikamwagika punje za ndengu, au kile kilichobaki kuwa ndengu: maganda yenye matundu, vumbi la unga, na wadudu wadogo wakitembea kuelekea kwenye mizani yangu. Akanieleza. Mteja wake alifungua mzigo kwenye bohari ya Mombasa, akakuta wadudu wametapakaa hadi kwenye mali ya watu wengine. Akakataa kila kitu, viondo vyetu pamoja na vitu vingine ambavyo Bi Zuhura alikuwa ametuma, na akazuia malipo yake. Bi Zuhura akabaki hana kitu benki cha kuilipa cheki yangu. Ndipo naye akaizuia, akanipigia simu anieleze.

"Sikuja kugombana," akasema. "Nataka kujua tu, hizi ndengu zimetoka wapi?"

Nilijua zimetoka wapi.

Kwetu mwanamke hamkabidhi mtu kiondo kikiwa kitupu. Ni kama kumtakia njaa. Uwe unatoa zawadi, unarudisha ulichoazima, au unauza, utatia kitu kidogo ndani, na wakati ule ndengu ndio kwanza zilikuwa zimetoka shambani. Kina mama walileta kila kiondo na konzi yake ya ndengu. Niliziona zote. Tena msichana mmoja aliyeolewa juzijuzi aliniletea chake kitupu, nikamgombeza kwamba mama yake hakumfunza, nikachota ndengu za duka nikatia kwa mkono wangu mwenyewe. Nilifurahi kwamba watu wa Mombasa wataiona adabu yetu. Kisha nikashona midomo ya magunia, ikabaki joto na giza kufanya kazi yake.

Na bado nilimtazama yule mama machoni nikasema, "Labda ni hukohuko Mombasa. Labda hiyo bohari ilikuwa na nafaka."

Alikirudisha kiondo guniani.

"Labda," akasema.

Afadhali angenibishia. Ningepata pa kushikia, ningepiga kelele, hilo naliweza. Aliendelea tu kunieleza kwamba wasusi wa Kitui hawamletei viondo tena. Wanapita mbele ya duka lake na mizigo mgongoni, wanamsalimia vizuri, wanaenda kuuzia mtu mwingine.

"Wanasema Mama Mwende wa Kalamba amesema mimi ni tapeli. Mama, watoto wangu wote wamezaliwa Kitui. Hasara ya viondo nitaimeza. Lakini hilo jina nitalisafisha na nini? Wakiniona nalisafisha mwenyewe ndio watazidi kuamini."

Basi la kurudi Wote likapiga honi. Nilimsindikiza hadi mlangoni tu, wakati mgeni husindikizwa hadi barabarani.

Alipoondoka nilipeleka viondo nyuma ya nyumba kuvikung'uta, kuku wakinifuata kwa furaha. Vyote vilikuwa na uchafu uleule, ila kile cha juu kabisa kwenye gunia la pili. Hicho kilikuwa kimefutwa safi, na ndani yake mlikuwa na tende kwenye kikaratasi. Kikaratasi kilikuwa kimefunguliwa kikafungwa upya, na tende zilikuwa nusu tu ya zile ambazo kingeweza kubeba.

Ndipo nikakumbuka ni Ramadhani.

Alikuwa amefunga. Amekaa kwenye mabasi tangu alfajiri na kiu yake, mimi namsogezea chai na kumwita mwenye kiburi. Hizo zilikuwa tende zake za kufuturu njiani. Nusu alijiwekea, nusu akaniachia mimi, kwa sababu alikuwa ananirudishia kiondo na hata yeye hawezi kukirudisha kitupu. Alijua kabla hajaniuliza zile ndengu zimetoka wapi. Aliniuliza ili nipate nafasi ya kusema.

Nililia pale nyuma ya nyumba, na sijui kama ni aibu au ni kumhurumia. Najuta. Nimetafuta neno jingine nimelikosa.

Jioni Kalekye alirudi kuchukua chenji yake na kunusa habari. "Yule mwizi alitaka nini?" Nikamwambia si mwizi, nikamweleza habari za ndengu. Aliketi kwenye kizingiti, akaanza kuhesabu chenji yake.

"Usiseme kwa watu," akasema. "Ukisema ni sisi, utatudai sukari, na sukari tumekunywa. Yule ni mtu wa mbali. Atasahau."

Nilimwambia sukari sitaidai, nilishona magunia mwenyewe. Ila lile la kunyamaza sikulijibu, na ukweli ni kwamba kwa dakika moja lilinikaa vizuri masikioni. Nikikiri, mwaka mzima kanisani watanitazama kama mtu aliyetoa ushuhuda wa uongo. Na watakuwa hawajakosea.

Kesho Alhamisi ni soko la Kitui. Basi la kwanza litanifikisha Wote, niunganishe lingine Machakos, na nikifika wasusi watakuwa bado wameketi na viondo vyao. Kile kiondo kisafi nakirudisha kwa Bi Zuhura. Nimetia chupa ya asali, maana asali haiingii wadudu.

Kiondo kiko tayari mlangoni. Mdomo wangu ndio nisiouamini. Nikisimama pale sokoni, wanawake wote wakinitazama, nitasema ni mimi, au nitajisikia tena nikisema labda?