Kungoja Gundi Ikauke

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi, maana nikisikia unazunguka juani na fimbo yako tutagombana. Kiuno kinaendeleaje? Mama aliniambia kwenye simu kwamba sasa unageuka kitandani bila kuguna, lakini yeye habari mbaya huzipunguza chumvi, kwa hiyo nieleze mwenyewe.

Mimi ni mzima, ila nimechoka. Karakana imejaa kazi hadi mlangoni: madawati, makabati, na kitanda cha mtoto ambaye hata hajazaliwa. Nakula nimesimama, simu begani, randa mkononi.

Juzi nilipaka gundi viungo vya kitanda hicho, nikakifunga kwa mipira ya kubania kama ulivyonifundisha, kisha nikaketi. Simu niliitia kwenye droo. Mwenzangu anayepiga vanishi akaniuliza kama naumwa. Nikamjibu nangoja gundi ikauke. Alicheka, akasema gundi haihitaji mlinzi. Sikumlaumu, maana maneno hayo niliwahi kukuambia wewe nikiwa na miaka tisa.

Unakumbuka? Ukishafunga mbao ulikuwa unakaa kwenye benchi, mikono magotini, unaniita. Nikikuuliza tunafanya nini, unasema hatufanyi kitu, na kazi hiyo inataka watu wawili. Nilikuwa nakaa kidogo, halafu naponyoka kwenda kucheza, ndipo ukanibandika jina nililosaini hapa chini. Juzi benchi langu lilibaki na nafasi ya mtu mmoja. Nilitamani uwepo, Baba.

Sasa nikwambie kilichonikalisha. Kiti nilichokuletea, kile kilichoachia mguu, wewe ukaanguka nacho mbele ya wageni, hakikuliwa na mchwa kama ulivyowaambia. Mteja mwingine alikuwa ananipigia simu kila dakika. Nikapaka gundi, na kabla haijashika nikafungua mipira, nikakipakia kwenye gari. Wewe ni seremala wa miaka arobaini. Ulipouona ule mguu ulijua. Ukanisitiri, nami nikanyamaza miezi mitatu huku wewe unajifunza kutembea upya. Nisamehe. Methali ya haraka na baraka naijua, usinirudishie.

Mama anasema kiti umekificha chini ya kitanda, na umekataza kisitupwe wala kisitengenezwe na mtu. Niliposikia hivyo nililia kama mtoto, kisha nikamwambia mwenye kitanda cha mtoto kwamba wiki hii nitafunga karakana. Alinuna, lakini mimba haijafika hata miezi sita.

Ijumaa nakuja na gundi. Msalimie Mama, umwambie asinipikie kama mgeni. Na fundi viatu wa jirani mpe salamu zangu, aendelee kukuchekesha taratibu, kiuno kisije kikashtuka.

Tutakifunga kiti pamoja, Baba. Kisha niwekee nafasi kwenye benchi. Safari hii siponyoki.

Mwanao akupendaye,
Kiherehere