Mpaka Mzee Dale Aje Ale

Jumatatu, 6 Mei 2013
Chai, sambusa ya jana, foleni ya kuelekea mjini. Wiki hii yote ni ya Mama Neema. Mkongo aliyehamia huku ughaibuni, mjane, watoto watatu. Nyumba anayopanga imechukuliwa na benki, mwenye nyumba kashindwa kulipa mkopo. Shirika letu linaweza kuinunua: ardhi inabaki ya jamii, yeye anauziwa nyumba tu, kwa bei anayoiweza. Benki imetupa mpaka Ijumaa. Ikipita, anauziwa tajiri ambaye ameshasema hataki mpangaji ndani.

Naogopa hapo kwenye ardhi. Wengi hukwama hapo. Nimefanya mazoezi ya kueleza mbele ya kioo kama mwehu.

Jumanne, 7 Mei
Nimeeleza weee. Akaniangalia kwa huruma. "Kwetu udongo ni wa mwami, nyumba ni yangu. Iko matata gani?" Mwami ni chifu wao. Mazoezi yote yale!

Halafu akasukuma kalamu kando. Hasaini. Kinachomsumbua ni Mzee Dale, mwenye nyumba, aliyeondoka bila kuaga. Kupanga, anasema, ni kuwa mgeni wa mtu. Kumiliki ni jambo jingine. Kwao huchukui nyumba ya aliyefukuzwa mpaka aje mwenyewe, ale humo, aseme kwa kinywa chake: kaa. Nikamwambia sheria imeshamaliza kila kitu. Akasema sheria hailali pale, yeye ndiye atakayelala.

Nimerudi nimenuna.

Jumatano, 8 Mei
Bosi anasema tafuta familia nyingine. Nimekataa. Nikaendesha hadi Blaine, mji wa jirani, Dale anakoishi sasa kwa binti yake.

Mzungu mrefu, soksi bila viatu. Aliniacha niseme yote nikiwa mlangoni. Nilijisikia mjinga. Namwomba mtu aliyenyang'anywa nyumba aende kesho jioni akale humo humo! Akasema hapana, asante, akafunga mlango taratibu. Na mimi ningefunga.

Nimelia kidogo kwenye gari. Kisha nikala chipsi za kituo cha mafuta, baridi, mbaya.

Alhamisi, 9 Mei
Nilimpigia Mama Neema asubuhi: haji. Akajibu kwamba yeye anapika tu. Jioni nikapita. Foufou, ule ugali wao wa muhogo, sombe, yaani kisamvu, samaki, meza nzima. Neema, binti yake mkubwa, kila siku hunijibu Kiingereza nikimsemesha Kiswahili. Leo hata hicho Kiingereza hakuna. Anajua kesho ni kesho. Nilimkasirikia mama yake kwa dhati. Ukaidi wa mtu mzima, na watoto ndio watalala nje.

Tukakaa. Chakula kikaanza kupoa.

Dale akafika. Amevaa tai. Hakueleza kilichombadilisha na hakuna aliyemuuliza. Akanawa, akala kwa mkono, vibaya, sombe mpaka kwenye tai. Aliomba aongezewe. Kisha akampeleka Mama Neema chini ya nyumba kumwonyesha koki ya kufunga kabla ya baridi, mabomba yasije yakapasuka. Akamfungisha mwenyewe, akamfungulisha, tena na tena, mimi natafsiri. Tulipopanda juu akasimama sebuleni muda mrefu, anatazama dari. "Ni nyumba nzuri," akasema. "Kaa."

Mama Neema akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Mimi nikaenda kuosha vyombo, maana sikujua niangalie wapi.

Ijumaa, 10 Mei
Amesaini. Nimechoka hata furaha sina.

Jumapili, 12 Mei
Jua leo, theluji yote imekwisha. Kutoka kanisani nimepita njia ya kule, nilitaka kumsalimia.

Gari la Dale lilikuwa nje. Yeye amepiga magoti anagongelea ngazi ya mlangoni, ile iliyokuwa inacheza. Mama Neema kasimama karibu naye na sahani iliyofunikwa, anaongea Kiswahili, Dale anajibu Kiingereza, na hakuna hata mmoja aliyeonekana kutafuta mkalimani.

Nikapunguza mwendo, nikawatazama, nikaenda zangu nyumbani.