Figo ya Kaka Imenitia Aibu Kliniki

Mwenzangu, bado niko kliniki, sijui nicheke au nijifiche!

Leo watafiti wanaofuatilia waliopandikizwa figo wametuita wote wawili, mimi na kaka aliyenipa figo, watupime tunaendeleaje.

Kaka kaona chupa yangu ya maji imejaa. Ndiyo kwanza nimetoka kuijaza! Akapaza sauti: "Nimekupa figo nzima, halafu unainyima maji?"

Unainyima maji! Mbele za watu! 😩

Daktari akasoma majibu. Yangu safi. Akamgeukia kaka: "Uliyompa inatunzwa vizuri. Uliyobaki nayo ndiyo inalalamika. Wewe maji hunywi?"

Kaka akainama sikioni mwangu. Yule anayepaza sauti hata usingizini!

Akaninong'oneza: "Dada, tubadilishane."

TUBADILISHANE!! 😂

Chupa nimempa. Figo harudishiwi ng'o.