Moyo wa Baba Hautamsubiri Baba Mkubwa

Chanji,
Sumbawanga.
14 Juni 2024

Mpendwa Shangazi Fransiska,

Shikamoo. Tangu jana nina mlio mmoja masikioni, wa ile mashine waliyomfunga Baba kifuani hapa hospitali: unapiga, unanyamaza, kisha unafululiza kama watu wanaopura ulezi wakapotezana zamu. Natumaini huko Mwanza mu wazima. Mimi mzima, ila siwezi kukaa sehemu moja.

Naandika kwa mkono, nitaipiga barua picha nikutumie. Kwenye simu nikisikia sauti yako nakubali kila kitu.

Daktari amenieleza. Moyo wa Baba ulianza kwenda ovyo jana asubuhi. Ukiwahiwa leo, dawa ya dripu inaweza kuurudisha kwenye mwendo wake. Siku mbili zikipita, damu inaweza kuwa imeganda ndani yake, na kuurudisha ghafla kunaweza kulisukuma bonge hadi kwenye ubongo. Hapo atapewa kwanza dawa ya kuzuia damu kuganda, wiki kadhaa, huku moyo ukizidi kuchoka.

Unajua kwetu: baba wa nyumba hakubali tiba kubwa mpaka kaka yake afike, amwone, aseme "haya". Nawe ulisema tusubiri. Lakini gari alilopanda Baba mkubwa Cornelius kutoka Wampembe limekwama mlimani, na simu yake haipatikani.

Baba anatania tu. "Moyo wangu umekwenda kilabuni bila mimi," alimwambia nesi. Nilipomwomba akubali dawa, akageukia ukutani. "Kaka akifika."

Baba mdogo Modesti akanifuata koridoni. "We binti, hiyo digrii ndiyo imekufanya mkubwa wa ukoo?" Nikampita nikaenda zangu. Niliogopa jibu nililokuwa nalo.

Nisalimie wanao Christopha na Stumai, na majirani wote wanaotukumbuka. Nilitaka kuishia hapa.

Shangazi, mchana huu nilirudi kitandani kwa Baba nikamwambia kwamba Baba mkubwa amepiga simu, amekubali. Hajapiga. Baba alishusha pumzi. "Kama kaka amesema, haya," akamnyooshea nesi mkono.

Dripu inaingia ninapoandika. Baba mkubwa akishuka kwenye gari atakwenda wodini moja kwa moja. Simu yake ikipatikana, naomba umtafute wewe kwanza, umweleze nilichosema kwa jina lake. Akitaka kunikana mbele ya Baba, anikane. Dawa itakuwa imeshaingia.

Mungu akutunze, na amtunze kaka yako usiku huu.

Mtoto wa kaka yako, anayekupenda,
Angela